Sijisikii

Nikikata tangawizi ya chai, harufu yake mbichi inanipanda puani kabla sijaitia kwenye sufuria, na hapo hapo namsikia baba yangu akikohoa nyuma yangu. Hayupo, bila shaka. Alikufa zamani, na jiko hili langu la mtaa wa Jamhuri hakuwahi kulikanyaga. Lakini pua haina adabu. Inakuletea mtu bila kukuuliza kama una nafasi ya kumkaribisha asubuhi hiyo, na mimi asubuhi nyingi sina.

Baba alitafuna tangawizi kama wenzake walivyotafuna miraa. Alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali pale katikati ya mji wa Nairobi, mtu wa kugonga mihuri na kubeba mafaili kutoka ghorofa hii hadi ile, lakini hiyo ilikuwa kazi ya tumbo tu. Kazi aliyoiamkia ilikuwa kwaya. Alifundisha kwaya ya kanisa dogo la mtaani kwetu Woodley, watu wazima kwa watoto, na kipande cha tangawizi hakikutoka shavuni mwake tangu Jumamosi mchana hadi Jumapili mchana. Nguo zake zilinuka tangawizi. Mkono wake ulinuka tangawizi. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo harufu ya wanaume, na niliwashangaa wajomba zangu kwa kutokuwa nayo.

Kama wewe ni wa rika langu na ulikulia upande ule wa Ngong Road, unazijua zile nyumba kuukuu za kanjo, yaani za baraza la jiji, zenye vigae vyekundu, na ule ua wa kayaba wenye miiba iliyokuwa ikichana sare za shule na kuwapa mama zetu sababu ya kutuchapa. Sisi hatukuishi katika nyumba yenyewe. Tulikuwa nyuma yake, vyumba viwili vya kupanga, na mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Mama Nekesa, mwanamke mnene wa kutoka magharibi aliyeuza mboga barabarani na kuimba alto kwenye kwaya ya Baba. Mama yangu alikuwa mpishi katika nyumba ya watu huko Spring Valley. Alitoka tukiwa bado tunapiga mswaki, akarudi jioni miguu imemvimba. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee. Naitwa Mumbua, jina la mama yake Baba, na kwa hivyo Baba hakuniita Mumbua hata siku moja. Aliniita Mwaitu, yaani mama yangu, kama Wakamba wengi wanavyomwita binti aliyepewa jina la nyanya yake.

Jumamosi moja alinichukua mpaka ofisini kwake. Wenzake walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani, na jengo lote lilikuwa tupu isipokuwa askari wa mlangoni. Akanipeleka kwenye ngazi, zile ngazi za saruji zinazozunguka kutoka chini hadi juu, akaniambia nitie kidole katika sikio moja niimbe. Nikaimba kitu cha shule ya Jumapili. Nikasimama katikati ya mstari kwa mshtuko.

"Baba, kuna mtu anaimba huku ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya kichwa."

Akacheka mpaka askari akachungulia kutoka chini. "Huyo ni wewe, Mwaitu. Siku zote ulikuwa unaimba tu. Leo umejisikia."

Hivyo ndivyo alivyofundisha kila mtu. Ziba sikio moja, jisikie kwanza, halafu ndipo umsikilize mwenzako. Na katika kwaya yake kulikuwa na sheria ambayo sijaiona kwingine. Mtu akipotea, humnyooshei kidole wala humkonyezi. Unatia kidole katika sikio lako mwenyewe. Mwenzako akikuona anaelewa, anajirekebisha, na waliokaa kwenye mabenchi hawajui kwamba kuna aliyekosea. Baba alisema ni aibu kumsahihisha mtu kwa sauti wakati unaweza kumsaidia kwa kunyamaza.

Nilitoka kwenye zile ngazi nimepata kitu na nimepoteza kitu. Kabla ya siku ile nilikuwa mtoto mmoja. Tangu siku ile nimekuwa wawili, anayefanya na anayemsikiliza anayefanya. Nikijibu swali darasani, kuna mwingine aliyekaa kando akilipima jibu langu. Nikilia, kuna anayenisikia nikilia na kuuliza kama kilio hiki si cha kujitilia chumvi. Mara nyingine ni raha tupu, nakiri, kujua kwamba niko, kwamba sauti hii ni yangu na si ya mtu mwingine yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Lakini raha hiyo inakuja mara moja moja, na yule msikilizaji halali.

Sasa lazima niwaeleze kichekesho, maana baadaye hakikuchekesha tena. Siku moja Mama Nekesa alikuwa bombani akifua, akimlalamikia mwenzake.

"Huyo mwalimu anajiskia, wacha tu! Ati juzi amenirudisha mstari mmoja mara sijui ngapi mbele ya watu wote, kama mtoto wa nasari. Anajiskia sana huyo mtu."

Nairobi, mtu anayejiskia ni mtu wa maringo, mwenye kujiona. Mtoto yeyote wa mtaani alilijua hilo. Mimi sikulijua, kwa sababu nyumbani kwetu neno lile lilikuwa la kazi. Nikaona Baba amesifiwa sifa kubwa kuliko zote. Jioni tukiwa tunakula muthokoi nikashindwa kuivumilia ile habari njema.

"Baba, Mama Nekesa amekusifu. Amesema unajiskia sana."

Mama akapaliwa. Baba akaweka kijiko chini, akanitazama, akamtazama Mama, akarudi kwangu.

"Amesema kweli," akajibu. "Mwambie namshukuru."

Nami nikaenda kumwambia! Nilivuka uwanja mdogo uliokuwa kati ya milango yetu, nikabisha hodi, nikatoa salamu za shukrani kwa adabu zote. Mama Nekesa alijifunika mdomo kwa leso, mabega yakaanza kumtikisika, kisha akalipuka kicheko hadi akalazimika kuketi kitandani. Tangu hapo alimwita Baba "Mwalimu Mwenye Kujiskia" mbele ya macho yake, na wakawa marafiki.

Mabaya yalianzia kwenye wimbo. Baba alikuwa akitoa do, ile sauti ya kuanzia wimbo, kwa mdomo tu, hakuhitaji kinanda, na do yake haikuhama kutoka Jumapili hadi Jumapili. Siku moja mazoezini aliitoa, besi wakaidaka, yeye akaongoza, na kufikia mstari wa tatu alikuwa ameshuka. Kidogo tu, kama rafu iliyolegea msumari wa upande mmoja. Soprano wakajaribu kubaki juu. Baba akakunja uso, akawanyamazisha kwa mkono.

"Mnapanda! Mnakwenda wapi? Jisikieni!"

Watu wakatazamana. Na kwa kuwa alikuwa mwalimu wao, na kwa kuwa walimpenda, wakashuka pamoja naye. Majuma yaliyofuata yalikuwa hivyo hivyo. Alishuka, wakamfuata. Kwaya nzima ikajifunza kuimba vibaya kwa heshima. Nyumbani pia vitu vilikuwa vikiteleza. Alitia chumvi kwenye chai. Alisimama mlangoni ameshika kiatu kimoja akitafuta neno la kukiita. Mama alimsaidia kwa jina la kiatu kama mtu anayemwokotea mwenzake kitambaa kilichoanguka, kisha akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jumapili moja wimbo ulikuwa wa kuitikiana, yeye aanze peke yake, kwaya imjibu. Nilikuwa nimeketi mbele na watoto wa shule ya Jumapili. Baba alipenda kututazama sisi wakati wa kuanza, alisema nyuso za watoto hazimtishi. Akaanza. Akashuka. Na kidole changu kikapanda sikioni chenyewe. Sikukituma. Ndivyo nilivyofundishwa tangu nijue kuimba, kama unavyofumba jicho vumbi likija.

Akaniona.

Akakatiza mstari. Akainua kidole chake, akaziba sikio lake, akaimba maneno mawili matatu polepole huku akisikiliza. Nilimwona akisikiliza. Nimewahi kumwona mtu akipekua mifuko yake yote baada ya kuibiwa, mkono unarudi mfuko ule ule mara ya pili na ya tatu, na uso unajua kabla ya mkono kukubali. Uso wake ulikuwa huo. Kisha akaenda kuketi kwenye benchi la besi, na Mama Nekesa akaushika wimbo pale ulipoanguka akaufikisha mwisho.

Tulipokuwa tukirudi alinishika mkono. "Asante, Mwaitu," alisema. Nikafurahi! Nilidhani nimemsaidia, kama mtu anayeambiwa kola yake imekunjika, airekebishe, maisha yaendelee. Jioni, mezani, alimuuliza Mama bila kuinua uso:

"Mmejua tangu lini?"

"Tumejua nini?"

"Mama Mumbua. Tangu lini?"

Mama akawa anakwangua sufuria. Aliikwangua hata baada ya kuwa safi.

Baba hakuimba tena. Hakuna aliyemkataza, watu wa kwaya walikuja kumbembeleza, wakisema wewe njoo tu uketi, sauti ni mafua, itarudi. Alikataa kwa upole. Aliacha hata ile miluzi yake ya kunyolea ndevu, na tangawizi aliyokuwa amenunua ikakaukia dirishani. Ugonjwa uliokuwa ukimnyemelea ulikuwa bado haujamnyang'anya sauti. Kilichomnyang'anya ni kujua. Angeweza kuendelea kuimba kwa furaha, ameshuka na watu wake wote wameshuka naye, kama nisingekuwa na kidole na yeye asingekuwa na macho. Sijilaumu. Nilikuwa mtoto, na alinilea niwe hivyo. Lakini nalichukia lile somo, na nimelichukia kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kulipenda.

Mama alipompeleka katika hospitali kubwa tulifuatana sote watatu. Daktari alikuwa kijana, mwenye heshima, amechoka.

"Mzee, unajisikiaje leo?"

Baba alifikiri. Kwa watu wengine lile ni swali la kujibu "salama" na kupita. Yeye aliulizwa swali la kazi yake.

"Sijisikii, daktari."

Daktari akavuta kiti. Akatoa kitu chenye ncha, akamvua Baba soksi, akamgusa unyayo. "Hapa unasikia?"

"Hapo nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia."

"Hapa kwa goti?"

"Nasikia sana."

"Sasa, mzee, si umesema hujisikii?"

Baba akageuka akanitazama. Nilikuwa kwenye benchi nimepakata chupa ya chai. "Mwaitu, mwambie."

"Anamaanisha akiimba," nikasema.

Daktari akatabasamu vile watu wazima wanavyomtabasamia mtoto aliyeingilia maneno, akarudi kwenye goti. Yule kijana hakuwa na ubaya. Baada ya vipimo walituambia kuna uvimbe kichwani, mahali ambapo hawawezi kufika bila kumuua. Mimi lakini sikusikia habari ya uvimbe. Nilichoshika ni kwamba Baba alikwenda na ugonjwa wa masikio, wakamtibu miguu. Nilifikiri wamekosea neno, nami nilijua jinsi neno lile lilivyokuwa na hila, kwa kuwa lilikwisha kunicheza mimi mwenyewe. Kwa hivyo tuliporudi nyumbani nilipasha mafuta ya kupikia moto kwenye kijiko, nikachovya pamba, nikamwambia Baba alaze kichwa mezani. Akalaza. Nikamsafisha sikio moja, akageuka, nikamsafisha la pili. Mafuta yalimchirizika mpaka ndani ya kola. Alikuwa anajua kilicho kichwani mwake, na aliniacha nimtibu masikio.

Muuguzi alikuwa amempa Mama ushauri mmoja wa kwenda nao. "Atakuwa anapotea kidogo kidogo. Muwe mnamuita. Mwambieni jina lake, mwambieni nyinyi ni nani. Msimwache aende." Mama aliushika ushauri ule kwa mikono miwili, kwa kuwa hakupewa dawa nyingine ya kushika. Mimi nikapewa zamu ya alasiri, nikitoka shule hadi yeye arudi kutoka Spring Valley. Mama Nekesa alimwangalia mchana, akija na kurudi kwenye mboga zake.

Mwanzoni niliona mambo si mabaya. Baba alisahau jina la Mama, akasahau nyumba ni ya nani, lakini mimi hakunisahau. Kila nikiingia, "Mwaitu!" anasema, na uso unamchangamka. Nilimwonea Mama huruma kwa siri, na nilijivuna pia, kwa kuwa ugonjwa mkubwa vile ulikuwa umeshindwa kunifuta mimi. Hali hiyo iliendelea mpaka alasiri moja aliponishika sketi, akaniambia kwa Kikamba, na kwa sauti nyembamba ya kujitetea, kwamba mbuzi wameingia shambani lakini si yeye aliyeacha lango wazi, ni kaka yake.

"Usinichape, Mwaitu."

Hapo nikaelewa ni Mwaitu yupi aliyekuwa akimwita siku zote zile. Mimi sikuwa humo chumbani. Humo alikuwamo mtoto wa kiume na mama yake, yule nyanya yangu niliyepewa jina lake, ambaye hata picha yake sikuwahi kuiona. Nikamwambia sitamchapa. Akafurahi sana.

Kisha akaanza kuimba. Aliimba tenzi vipande vipande na nyimbo za kwao za kuchunga, kutwa nzima, kwa sauti kubwa, amepotoka vibaya sana, sauti inapanda na kushuka bila mwenyewe. Watu waliokuwa wakipita nje ya ua walipunguza mwendo. Na uso wake! Katika miaka yake yote ya kuongoza kwaya sikuwahi kumwona ana raha vile, maana zamani hata katikati ya wimbo mtamu kulikuwa na kikunyanzi kimoja katikati ya nyusi, cha yule anayesikiliza. Kikunyanzi kilikuwa kimeondoka.

"Afadhali, Mama Mumbua," Mama Nekesa alisema siku moja akiwa amesimama mlangoni na kikapu chake. "Hajijui. Wenye kuumia ni nyinyi. Yeye ako tu sawa."

"Usiniambie afadhali," Mama akamjibu. "Mimi nataka mume wangu."

Akapiga magoti mbele ya kiti, bado na aproni ya kazini, akamshika Baba mashavu. "Musyoka. Wewe ni Musyoka. Mimi ni mke wako. Huyu ni Mumbua, mtoto wako. Musyoka, rudi." Na alirudi. Ungeweza kumwona akiwasili. Wimbo ulikatika, mabega yakashuka, macho yakazunguka chumba: blanketi la miguuni, beseni, ile karatasi ya nailoni iliyotandikwa kwenye kiti. Alivitazama kimoja kimoja, akakijua kila kimoja ni cha nini. Kisha akafunika uso.

"Nimekuwa hivi tangu lini?"

Tulimwambia. Jioni iliyofuata tulimwambia tena. Kila tulipomwita tulimpelekea habari ya msiba wake mwenyewe, na kila mara aliisikia kama ndiyo kwanza inafika. Ila baada ya kulia alikuwa akinivuta karibu, anauliza kama nimekula, kama mwalimu wa hesabu bado ni mkali. Dakika chache hizo nilikuwa na baba. Sikuweza kupata dakika hizo bila yale machozi. Vilikuja pamoja, ni kitu kimoja kilichomfanya alie na kilichomfanya anijue, na hakuna mtu ambaye ameweza kunionyesha namna ya kuvitenganisha, hata wachungaji, hata vitabu.

Alasiri moja nilimwita kama nilivyoagizwa, akarudi kwa upole kuliko siku nyingine. Hakulia. Alitazama mlango.

"Mama yako hayupo?"

"Ako kazini."

"Nilikuwa naimba?"

"Ndiyo, Baba."

"Vizuri?"

Nikamvutia blanketi miguuni. Alikuwa hajanifundisha kudanganya juu ya sauti. Akatikisa kichwa, akaelewa.

"Nikiwa huko sijui kama ni vibaya. Sijui chochote, Mwaitu. Sina ofisi, sina ugonjwa. Kuna mchana tu, na ninaimba." Akautazama tena mlango. "Ukiniona nimetulia hivyo, usiniite."

"Mama amesema nikuite."

"Najua. Mama yako ananitaka. Hata mimi namtaka. Lakini kila mkiniita, nakuja kukuta ninakufa."

"Na mimi je?" nikasema. Nilikuwa tayari nalia, na nilikuwa na hasira pia. "Usiporudi utanijuaje?"

"Wewe utanijua," akasema. "Mmoja wetu akijua, inatosha."

Nimeyaishi maneno hayo, na nawaambia haitoshi. Sasa nimeukaribia umri wake. Nikikosa jina la jirani niliyemsalimia jana, mwili wangu unapoa. Sina kwaya, siimbi mbele ya watu, lakini nikiwa peke yangu najikuta nimetoa do na nimesimama kuipima kama imehama. Watu husema binadamu amepita wanyama kwa kujitambua. Ng'ombe wa maonyesho pale Jamhuri Park hulala usingizi mzuri usiku wa kuamkia kuchinjwa. Mimi nimejitambua tangu nilipokuwa mtoto katika ngazi za ofisi ya serikali, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nililala hivyo. Siwezi kusema ningependa kubadilishana na ng'ombe. Ila kuna alasiri ambazo ningeomba nifikirie kwanza.

Sikumwahidi Baba kitu siku ile. Niliendelea kumtaka. Nilitoka shule nikikimbia kwa kumtaka, nikiwa nimelipanga mdomoni jina lake na langu, tayari. Na siku moja ya jua, Mama akiwa bado Spring Valley, niliingia nikamkuta ameketi karibu na mlango, wimbo umemwishia tu, mikono imelala magotini, hana kikunyanzi. Akanitazama kwa hamu njema, kama unavyomtazama mtoto wa watu aliyeingia kwako kwa bahati mbaya. Hakuniita Mwaitu.

"Wewe mtoto," akasema, "wewe ni wa nani?"

Jina lilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kulisemea. Nikamtazama, na nikaona jinsi mabega yake yatakavyoshuka.

"Wa jirani," nikajibu.

"Jirani wa wapi?"

"Wa hapo nyuma."

"Aaa." Akaridhika. Akanitazama tena, sare, vumbi miguuni, mkoba mgongoni. "Na umetoka shule saa hizi? Umekula?"

"Bado."

"Basi kimbia nyumbani, mtoto mzuri. Baba yako atakuwa anakutafuta."

Nikamwambia ndiyo. Alikuwa akinitazama aone kama nitatii, kwa hivyo nilitoka katika nyumba yetu, nikafunga mlango nyuma yangu, nikavuka uwanja.